Gombea uenyekiti, ila kwanza nunua buti za pili

Mkuu umeuliza ukubali kugombea uenyekiti wa kikundi cha wafugaji wa kuku hapo kijijini kwenu au utapoteza muda tu, ikiwa una kuku wako 300 wa mayai wa kuangalia. Mi nimekikalia hicho kiti miaka 11, ngoja nikupe ya kwangu.

Uongozi sikuutafuta, ulianza na kichupa cha chanjo ya mdondo (ule ugonjwa wa kuku, wengine mnaita kideri). Kichupa kimoja kina dozi mia na zaidi, sasa jirani ana kuku 8, mwingine 15, nani anunue kizima wakati ikishafunguliwa na kuchanganywa ni masaa machache tu haifai tena? Kwa hiyo walikuwa hawachanji kabisa, mdondo unafagia kwao halafu unahamia kwangu. Ndo nikaanza kuzunguka asubuhi kabla jua halijachoma, chanjo iko kwenye chupa ya chai yenye barafu, tone moja jichoni, unamshikilia kuku mpaka apepese ndo unamwachia, ukiwa na haraka tone linamwagikia pembeni hapo umechanja manyoya. Miezi mitatu ikipita tunarudia. Baadae wakanichagua, nadhani ni kwa vile nilikuwa najua idadi ya kuku wa kila mtu kuliko mwenyewe, hasa wale wanaopunguza hesabu kukwepa mchango.

Kuagiza chakula kwa pamoja ndo kulitubeba zaidi, maana chakula peke yake kinameza zaidi ya nusu ya gharama. Pesa lakini sikushika hata siku moja, mweka hazina anazo, daftari analo mtu mwingine, na we fanya hivyo hivyo. Kitu ambacho hakuna aliyenitonya ni kesi za kuku wa huyu kuparua bustani ya yule, aisee hizo utasuluhisha mpaka uote usiku.

Sasa lililoniuma. Kuna mama alinigongea alfajiri, kuku wake wanakoroma, kinyesi kijani, wengine shingo zimepinda. Nikatoka mbio na buti zangu, nikaingia bandani kwake, nikashika shika, nikarudi nikapitiliza moja kwa moja kuokota mayai kwangu. Na chanjo ya marudio ya kwangu nilikuwa nimeichelewesha wiki sita kwa ajili ya mikutano, mimi ninayewafokea wenzangu! Haikufika wiki mbili, trei 9 kwa siku zikawa 4, mayai mengine maganda laini unayabonyeza kwa kidole, nikazika kuku 61. Aibu ya kuwaambia wanakikundi ilinizidi hasara yenyewe, ila niliwaambia, na wiki hiyo walikuja kuchanja hata wale wasumbufu.

Mke wangu hakunisema. Alileta buti mpya akaziweka ndani ya mlango wa banda, akasema hizi hazitoki humu.

Kwa hiyo gombea mkuu, ila kwenye ratiba ya chanjo kuku wako wawe wa kwanza, usione haya, na ukiitwa kwenye banda lenye ugonjwa nenda ukishamaliza kazi za kwako zote, ukirudi oga ubadili nguo, na kuku wako usiwasogelee tena mpaka kesho yake.