Mwanangu anafanya yoga skuli, nimkataze?

SUALI: Assalaam alaykum ustadh wetu. Mimi ni mama wa watoto wanne niko Chake Chake, mwanangu wa pili ana miaka 15 yuko kidato cha pili. Skuli kwao kaja mwalimu mpya wa kike, kijana wa hapa hapa, alikuwa anafanya kazi hoteli huko Paje ndo alikojifunza yoga, sasa kila Jumamosi asubuhi anawafundisha watoto wa kike peke yao darasani. Mwanangu alikuwa kila siku analalamika mgongo na shingo kwa kuinamia madaftari, anasema toka aanze anajiskia mwepesi na usingizi anapata. Lakini bibi yake mzaa baba kasema hiyo ni ibada ya Mabaniani, na kwenye grupu letu la WhatsApp imekuja voisi ya sheikh mmoja anasema ni shirki moja kwa moja. Nimemzuia hii wiki ya pili na mtoto kaninunia hatuongei. Ni haramu kweli?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, kwanza huyo bibi usimuone mshamba, ana haki ya kuingiwa na wasiwasi. Yoga asili yake India, neno lenyewe maana yake ni kuunganisha, na kwa Wahindu wenyewe ni njia ya kiroho, kukunja viungo ni kipande kimoja tu cha hiyo njia. Wazee wetu wa Mji Mkongwe wameishi na majirani zao Mabaniani ukuta kwa ukuta, wanajua kipi kwao ni mchezo na kipi ni ibada. Ila pia jua kwamba hayo mazoezi yanayofanywa leo mahotelini mengi yamepangwa upya juzi juzi, miaka ya 1920 na 1930 huko huko India, Mysore na kwengineko, yakachanganywa na jimnastiki za kizungu. Kwahiyo ukisikia jina tu yoga hujajua bado nini kinafanyika ndani ya lile darasa.

Na hapo ndo ninapotaka nikae kidogo. Kuna hadithi kaipokea Abu Daud, mtu mmoja aliweka nadhiri achinje ngamia mahali panaitwa Buwana, akaja kwa Mtume swalla Allahu alayhi wasallam kumuuliza. Mtume hakumwambia chinja wala usichinje, aliuliza kwanza: palikuwa na sanamu pale miongoni mwa masanamu ya kijahilia likiabudiwa? Wakasema hapana. Akauliza tena, palikuwa pakifanywa sikukuu yoyote katika sikukuu zao? Wakasema hapana. Ndo akamwambia timiza nadhiri yako. Umeona eeh, kabla ya hukumu kuna suali, tena suali la kujua pale pana nini hasa. Sasa hiyo voisi ya grupu, yule aliyeisema hajaingia darasani kwa mwanao, wala mimi sijaingia, na wewe mama mtu pia hujaingia, umemzuia mtoto bila kumuuliza.

Basi muulize. Muulize ulimi wao unasema nini, mana kuna wenye kuvuta ile "Om" na maneno mengine ya Kisanskriti, lugha ya kale ya dini yao, na hayo ni matamshi ya ibada ya watu, Muislamu hayatamki hata kama hajui maana yake, tena asiyejua maana ndo asiyatamke kabisa. Muulize wanaambiwa waamini nini, kama kuna habari za nguvu zinazopanda uti wa mgongo na milango ya mwili inayofunguka mpaka mtu aungane na ulimwengu, hiyo ni itikadi si mazoezi. Na muulize kama kuna kitu kinaitwa salamu kwa jua.

Hii salamu ya jua niiseme vizuri kwasababu ndo inayofanywa sana na watu hawajui. Ni mfululizo wa mikao, unasimama, unanyanyua mikono, unainama, unakwenda chini, unarudi, na kwa wenyewe asili yake ni alfajiri kulielekea jua linapochomoza, na kuna majina 12 ya jua yanayotajwa pamoja nayo. Sisi Allah katwambia katika Suratu Fussilat aya ya 37 msilisujudie jua wala mwezi, msujudieni Allah aliyeviumba. Na Mtume katukataza hata swala yetu wenyewe ya sunna wakati jua linachomoza, kwasababu wakati ule makafiri wanalisujudia, yaani mtu anamsujudia Allah na bado kaambiwa subiri lipande kwanza. Kwahiyo huo mfululizo kwa jina lake na kwa kulielekea jua mimi nasema uachwe. Lakini kuinama kwenyewe, kujinyoosha, kusimama kwa mguu mmoja, kulala kifudifudi ukanyanyua kifua, hivo ni viungo vya bin-adamu, havina dini, mtoto avifanye kimoja kimoja kwa jina la kunyoosha mgongo na basi.

Masheikh wa nchi nyengine nao wameshapita hapa. Malaysia mwaka 2008 baraza lao la fatwa lilikataza yoga yenye ibada na maneno yake ndani, Indonesia mwanzo wa 2009 wakaja na yao, wakakataza yenye mantra, yaani yale maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na ibada yenyewe, ile ya mazoezi matupu wakairuhusu. Saudia mwaka 2017 wakaipa ruhusa kama michezo mengine. Na si Waislamu peke yetu tunaoangaliana kwa hili, jimbo la Alabama kule Marekani walipiga marufuku yoga maskulini toka 1993, wakaja kuifungua 2021 kwa masharti: mikao itajwe kwa Kiingereza tu, hakuna mantra, hakuna "namaste" ile salamu ya Kihindi, na mzazi atoe idhini kwanza. Miye nilipoyasoma hayo masharti nilicheka, nikasema hawa wamefika kule kule tulikofika sisi.

Nikwambie na langu. Nilipokuwa barobaro nilikuwa napiga karate, na kabla ya kuanza tunainamiana na tunamuinamia mwalimu, siku moja baba kapita kaniona, usiku wake niliipata. Lakini baba hakunikataza karate, alinambia tu huko kuinama uwache, kesho yake nikaenda kumwambia mwalimu nikitetemeka nikijua atanifukuza, akasema weka mkono kifuani yatosha. Nimecheza miaka mitatu baada ya hapo. Waalimu wengi ukiwaambia kwa adabu wanakuelewa, na huyu wenu ni mtoto wa hapa, pengine na yeye hajawahi kufikiri, kafundishwa vile na yeye anafundisha vile.

Mazoezi yenyewe ni jambo jema, hilo sina haja ya kurefusha, muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko muumini dhaifu, kaipokea Muslim, na bibi Aisha kashindana mbio na Mtume. Shirika la Afya Duniani wanasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, watoto wetu wa kike wanazipata wapi? Wa kiume wana mpira jioni, wa kike akitoka skuli anakwenda chuoni kusoma Qur'ani, akitoka chuoni jikoni. Mnawaona kina mama wanaopiga tizi jioni Maisara kule Unguja, basi na mabinti nao wana mgongo.

Nguo ziwe pana, wawe wanawake watupu kama ulivyosema, na simu zikae nje, hili la simu nalitilia mkazo kuliko hata suala la nguo mana picha moja ikitoka hairudi. Na asijilazimishe kusimama kwa kichwa, shingo si ya kuchezewa.

Jengine, nasikia kuna wanaosema eti tufanye yoga ya kiislamu, kila mkao na dhikri yake. Hapana. Dhikri haina mikao ya namna hiyo, usitoe bid'a moja ukaingiza nyengine. Akihesabu pumzi ahesabu pumzi, inatosha. Na wale wanaosema swala ndo yoga yetu nao naomba wanyamaze, swala haijaletwa kunyoosha misuli.

Kwahiyo dada, kama majibu ya mtoto yametoka safi mrudishe, kama kuna "Om" ama salamu ya jua nenda kwa mwalimu kabla ya Jumamosi, kaa nae vizuri mwambie hivi na hivi tunaomba vitoke. Akikataa hapo mtoe, na mtoto umueleze kwanini. Ukishatoka kwa mwalimu pita kwa bibi yake umwambie ulichokikuta, mana yeye ndo wa mwanzo kulisema, asije akayasikia tena kwenye grupu. Wallahu aalam.