Jouli 4 nilizozifuta kwenye daftari

Wadogo zangu mnaoanza mada ya nishati, nimepitia madaftari yenu ya maabara na kila ukurasa nakutana na sentensi ileile: "nishati imeisha." Haiishi, jamani! Imehama. Ulizeni imehamia wapi.

1. Choreni mishale ya mabadiliko ya nishati kabla ya kugusa fomula. Msiishie kwenye mwanga: balbu ya waya ikipokea jouli 100 (jouli ni kipimo cha nishati), kama 95 hutoka kwa njia ya joto.

2. Msirekebishe vipimo. Hapa nakaa kidogo, maana paliniumiza. Tulidondosha mpira wa kilo 0.5 kutoka mita 2. Nishati tuli yake, yaani ile inayotokana na kuwa juu (kilo mara g mara mita), g ya mvuto wa dunia ikiwa 10, ni jouli 10. Ukadunda hadi mita 1.2 tu, yaani jouli 6. Nilikuwa nimekariri kwamba nishati haipotei, nikaona tumeivunja sheria. Nikafuta 1.2, nikaandika 2. Mwenzangu ndiye aliyepiga magoti sakafuni kusoma rula kwa makini, lakini aliniamini akanakili namba yangu. Tukapata sifuri wote wawili. Uso wake siku ile sijausahau.

Mwalimu hakunigombeza. Alinipa bomba la plastiki la mita 1, limezibwa pande zote, ndani mna chembe za madini ya risasi, pamoja na kipimajoto. "Lipindue mara 50." Chembe zinaanguka kwa kishindo, zinatulia, unapindua tena. Kwa hesabu, joto lao lilipaswa kupanda karibu nyuzi 4. Nilisoma 3. Nishati iliyobaki ilikuwa imeingia kwenye kuta za bomba na hewa ya ndani. Ndipo nilipoelewa jouli 4 za mpira zilikwenda wapi: zilipasha mpira na sakafu, na chache zikatoka na ule mlio tuliousikia. Safari hii niliandika 3.

3. Hesabu ikipungua, tafuteni joto kwanza: msuguano, ukinzani wa hewa. Sauti hubeba kidogo mno.

4. Gramu zigeuzwe kilo kabla ya kuzidisha. Nawasihi!

Kesho mna pendulamu. Itarudi chini kidogo ya pale mlipoiachia, na kila mzunguko itapungua tena. Pimeni kimo cha kwanza na cha kumi, muandike vyote viwili kama vilivyo, kisha mnionyeshe tofauti yake kwa jouli.