Mpira unaouacha upite: ushauri wangu kwa mnaocheza jai-alai wawili wawili

Juzi mdogo wangu mmoja alieko Orlando kanitumia meseji ndefu, ameanza jai-alai ya ridhaa, ule mchezo wa kurusha mpira ukutani kwa kikapu, mwaka huu na ameshanogewa, ila anasema "kaka, nampataje patna mzuri, huyu niliye nae tunagombana kila mechi." Nilitaka kumjibu mistari miwili tu, nikajikuta naandika mpaka saa saba usiku, nikaona bora niweke hapa maana nyie mnaocheza najua wote mnataka kombe, na mnataka mkimaliza mechi bado mnasalimiana.

Jumamosi mi na patna wangu tumechukua ubingwa wa mashindano yetu ya hapa Florida ya kusini. Nalisema kwa furaha kubwa kwa sababu miaka miwili nyuma nilikuwa nimeapa sishiki tena sesta, yaani hicho kikapu.

Mi mchezo huu niliujua kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nabeba mizigo kiwanja cha ndege Miami na ile fronton (uwanja wa jai-alai) ya zamani, ya 1926, iko pua na mdomo na kiwanja, siku moja nimetoka shifti nikaingia, basi. Kuta tatu, moja mbele ya mawe, moja kushoto, moja nyuma wanaiita rebote, uwanja una urefu kama mita 54, na watu wamefungwa kikapu kirefu mkono wa kulia wanadaka pelota, yaani mpira wenyewe, na kuirusha kwa mwendo mmoja bila kusita. Wote mkono wa kulia, hata uwe mashoto, maana ukuta uko kushoto. Mwaka 1979 kule Newport, Rhode Island, José Ramón Areitio alirusha pelota ikapimwa kilomita 302 kwa saa, na pelota ni ngumu kuliko mpira wa gofu. Sisi wa ridhaa hatufiki huko hata robo tatu, ila ukipigwa utajua.

Sasa wawili wawili iko hivi: wa mbele ni delantero, wa nyuma ni zaguero. Nilikuwa delantero, na patna wangu wa kwanza alikuwa zaguero, mrefu, mabega kama mlango, tumecheza pamoja miaka mitatu. Na kosa langu lilikuwa moja tu kwa miaka yote mitatu, nilikuwa nakata mipira yake. Mpira ukitoka ukuta wa mbele delantero ana muda mdogo sana wa kuamua, nakata au naacha, na mi nilikuwa sijui kuacha. Naruka, nanyoosha sesta, nikidaka watu wanapiga makofi, na kiukweli makofi yalinilevya, nikawa naona mi ndo naibeba timu. Kumbe mwenzangu nyuma alishajipanga, alishageuka kuisubiri kwenye rebote, na kila nikiruka namziba macho halafu nikikosa yeye ndo anaonekana kazembea.

Ikafika fainali. Tunacheza mfumo wa timu nane, anaeshindwa anaenda mwisho wa foleni, mzunguko wa kwanza ukiisha pointi zinakuwa mbili mbili, wa kwanza kufika saba ndo bingwa. Tuna tano. Mpira mmoja tu. Ukaja juu, safi kabisa, wa kwake, na akapiga kelele "mía!" yaani wangu. Niliisikia. Sisi kwetu mia ni mia, lakini pale uwanjani neno hilo lina maana moja na mi nilikuwa naijua vizuri. Nikaruka. Ukagonga ukingo wa sesta ukachepuka kulia, na kulia nje ya mstari sakafu ni ya mbao, basi ule mlio wa pelota kwenye mbao, ko, mpaka leo nikiusikia tumbo linakaza.

Hakusema neno. Alikaa kwenye benchi akawa anafungua kamba ya sesta taratibu, mzunguko mmoja mmoja, akaikunja vizuri, akaweka kwenye begi. Siku tatu baadae meseji: amepata mtu mwingine. Baadae nikaja kujua alikuwa anaongea na huyo mtu kwa miezi miwili kabla, na hilo linaniuma mpaka leo sifichi, kwa sababu kosa langu nalikubali lakini miaka mitatu jamani, mtu unakula kwake, unashindwa kuniambia usoni "kaka unanikata mipira"? Kwa hiyo ushauri wa kwanza huo, sema mapema, ukinyamaza ukidhani unalinda urafiki unauua.

Alieniokoa ni mzee mmoja Mbasque, watu wa kaskazini ya Hispania, alikuja Florida kucheza kulipwa kabla ya ule mgomo mkubwa wa wachezaji wa 1988, uliodumu mpaka 1991. Namwita Mzee na ameshazoea. Aliniambia enzi zao meneja wa wachezaji ndo anapanga nani acheze na nani, usiku mmoja unapangwa na watu tofauti, game hii huyu, game ile yule, na unaweza kupangwa na mtu mliyenuniana mwezi mzima. Sasa mnachezaje? Sauti. Mía na tuya, wangu na wako, na anaesema kwanza ndo mwenye mpira, hata kama we uko karibu zaidi, hata kama una uhakika. Nikamwambia mi nilisikia ile sauti siku ile. Akaniambia basi tatizo lako si masikio.

Akanitoa mbele akaniweka nyuma miezi miwili. Hapo ndo nilipojifunza. Ukiwa nyuma delantero akiruka bila kudaka, mpira unautafuta umechelewa, unakutoka kwenye rebote chini, huwezi hata kuingiza sesta. Nilikasirika kweli, nikamgeukia kijana alieko mbele yangu na mdomo nimeshaufungua, nikamkumbuka yule mwenzangu. Kwa hiyo badilishaneni nafasi kwenye mazoezi. Hii ndo kubwa kuliko zote.

Baba yangu alikuwa nahodha wa ngalawa Tanga, na mtu wa mbele hakuwa anageuka kumuuliza nahodha kila wimbi, anaamini. Watu tunataka patna wa biashara, wa duka, wa kujenga, halafu kila kitu tunataka kupiga sisi. Muache mwenzio apige chake. Hata akikosa, muache akose mpira wake mwenyewe.

Kingine ni benchi. Mkipoteza mnaenda kukaa mnasubiri timu sita, na hapo ndo pea nyingi zinapokufa, mmoja anaangalia simu mwingine anaangalia dari. Mzee tukikaa anakagua kamba ya sesta yangu, anaivuta kidogo, anasema "iko sawa" hata kama ilikuwa sawa toka mwanzo. Haongelei mpira uliopita. Na we usiuongelee, subiri kesho.

Maana huyo Mzee ndo patna wangu wa sasa. Jumamosi tulikuwa na tano tena, tunahitaji mmoja, mpira ukaja ule ule wa juu. "Mía!" Nikapiga goti nikainamisha kichwa. Ukapita juu ya helmeti yangu, nikausikia rebote, nikausikia unaingia kwenye sesta yake, halafu ukarudi ukipita pembeni ya sikio langu kwenda mbele. Wapinzani wakaurudisha kwa shida, mlaini, sasa huo ukawa wangu, nikauweka chini kabisa ukutani ukafia hapo hapo.

Mdogo wangu wa Orlando, Jumapili ijayo asubuhi tupo. Njoo nae huyo huyo mnaegombana nae, usitafute mwingine kwanza. We utakaa nyuma, yeye mbele, na Mzee ataangalia.