Vipele baada ya ultrasound: kabla ya kulaumu mimba, angalia jeli

Mimba yangu ya pili ilikuwa na wiki 20 nilipokwenda kupiga ultrasound. Siku ile sikuona kitu. Kesho yake usiku tumbo likaanza kuwasha, na kulipokucha lilikuwa na vipele vyekundu, vingine vina maji. Mama mkwe akasema ni joto la mimba. Mimi nikasingizia kamba niliokula. Siku nne nzima najikuna, usingizi sipati.

Aliyegundua ni muuguzi wa kliniki. Alitazama vipele vilipoishia: palepale ilipoishia jeli niliyopakwa tumboni wakati wa kipimo. Upande wa kushoto vilishuka kama mchirizi hadi kwenye lastiki ya chupi, ambako jeli ilichuruzika nami sikuifuta. "Mimba haichori mstari hivi," akaniambia.

Mzio wa ngozi wa aina hii huchelewa, mara nyingi siku moja hadi tatu, ndiyo maana jeli mtu haikumbuki tena. Mawimbi ya sauti yanayotumika kwenye ultrasound hayana kosa. Jeli hupakwa ili kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, maana hewa huyazuia mawimbi hayo. Ndani yake, mbali na maji, huweza kuwamo propilini glaikoli (kimiminika cha kutunza unyevu), vihifadhi kama parabeni, hata rangi na manukato. Kama kuna losheni au sabuni inayokuwasha, mwambie mpimaji kabla hujapanda kitandani.

Usifute kwa tishu kavu ukavaa na kuondoka. Omba maji, jioshe taratibu. Vipele vikitoka, vipige picha siku hiyohiyo. Na tafadhali, dada yangu, usinunue krimu kwa kubahatisha na wewe una mimba. Mimi daktari aliniandikia haidrokotizoni, krimu ya kutuliza muwasho, nikapaka kidogo kwa siku chache. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hiyo ni dharura, kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Kipimo kinachofuata usikikatae. Muuguzi aliandika kwenye kadi yangu kwa kalamu nyekundu: "Mzio, jeli ya ultrasound." Wakanitafutia jeli isiyo na rangi wala harufu, wakanipa kidogo kwenye kichupa, nikaijaribu kwa kuipaka ndani ya kiwiko asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Ngozi haikutoa kipele. Wiki ya 34 mpimaji akasoma kadi, akaniuliza, "Ile ya kichupa?" Nikamwambia ndiyo, ileile.