Mkataba walisaini waume zetu, jembe tukashika sisi

Mleta uzi umeuliza sera gani ibadilishwe ili wawekezaji binafsi wafanye kazi na wanawake wa vijijini. Wengi humu mmejibu "wapewe mikopo". Mimi nalima alizeti Singida, na kwa niliyoyaona, mkopo siyo pa kuanzia.

Kuna kampuni ilikuja kijijini kwetu na kilimo cha mkataba. Wanakukopesha mbegu chotara, ukivuna wanakata chao, kinachobaki wanakulipa. Tatizo, mkataba anasaini "mwenye shamba". Kwetu kupalilia, kuvuna na kupiga alizeti ni kazi ya wanawake, lakini mwenye shamba ni baba, na hela ziliingia kwenye simu ya baba. Msimu wa pili hatukugombana na mtu. Shamba la mkataba tulilipalilia mara moja, karanga zetu mara mbili. Mavuno yakashuka, kampuni ikasema wakulima wa huku wavivu, ikafungasha. Hakuna aliyetuuliza.

Sasa msiseme sheria hakuna. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na 3 lazima wawe wanawake. Shida inaanzia kwenye fomu. Siku ya kuandikisha hati za kimila, yaani hati za kumiliki ardhi ya kijiji, kijana wa kuandika alikuwa anauliza tu, "Jina la mwenye shamba?" Mzee anajibu, anaitwa mwingine. Zamu yetu ilipofika nikamwambia, "Mwanangu, andika na langu." Akasema, "Mama, hapa ni jina moja." Tukaigeuza ile karatasi wote wawili, kumbe nafasi ya jina la pili ipo. Mume wangu alicheka, akasema niandikwe nisije nikamnunia hadi masika. (Si wote wana mume wa kucheka. Jirani yangu alirudi nyumbani kimya.)

Umuhimu wa jina kwenye hati niliuona baadaye. Kikundi chetu, wanawake 14, tulitaka mkopo wa mashine ya kukamua mafuta ya alizeti. Mteja wa mafuta tulikuwa naye, na wa mashudu (makapi yanayobaki) pia. Afisa mikopo akataka hati. Wenye majina kwenye hati tulikuwa 3. Mbuzi, magunia yaliyo stoo, hata mashine yenyewe, akasema si dhamana kwake. Wenzetu Kenya walitunga sheria mwaka 2017, mifugo, mazao na mashine vinasajiliwa kuwa dhamana. Hiyo ndiyo ningeiomba bungeni kabla ya semina nyingine ya ujasiriamali.

Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ni nzuri, ila ni hela ya serikali, na ilisimamishwa 2023 hadi 2024. Wewe umeuliza ya binafsi.

Kwa hiyo: kampuni inayotaka msamaha wa kodi kwa kuwekeza kwenye kilimo, ioneshe kwanza orodha ya mikataba yake, jina la anayelima na namba ya simu inayolipwa. Namba ya anayepalilia, siyo ya mwenye shamba. Msimu uliopita alikuja wakala mwingine na fomu zake. Nilimuuliza hela zitaingia kwenye simu ya nani, akasema ataenda kuuliza ofisini. Bado tunamsubiri.