Mbwa wa Kuokotwa: Mpeleke Kupimwa Kabla ya Kumwita Mkorofi

SWALI: Tulimchukua mbwa jike wa makamo, kilo 20, aliyetupwa barabarani. Alikuwa na upele mwili mzima, daktari akamwandikia vidonge vya prednisoloni. Kujikuna kumepungua, lakini sasa, wiki ya tatu, maji hayamtoshi, usiku anakojoa ndani, na juzi alimngurumia mwanangu wa miaka 6 aliyepita karibu na bakuli lake. Nimrudi vipi ajue kosa lake?

JIBU: Usimrudi, mama. Sehemu kubwa ya unayoyaona huenda inatoka kwenye kidonge. Prednisoloni ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, na steroidi humzidishia mbwa njaa, kiu na mkojo kwa pamoja. Mbwa aliyewahi kulala njaa, ukimwongezea njaa ya dawa, atalilinda bakuli kuliko alivyolilinda siku ya kwanza.

Anza kwa kupima maji. Asubuhi jaza bakuli kwa chupa yenye alama za mililita, ongeza kila likipungua huku ukiandika, kisha baada ya saa 24 toa kilichobaki kwenye jumla uliyoandika. Fanya hivyo siku tatu. Zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni nyingi mno. Kwa mbwa wako hizo ni lita 2. Mpelekee daktari hesabu hiyo, maana kisukari na maradhi ya figo pia huleta kiu, na kipimo cha damu na mkojo ndicho kitakachotenganisha. Wakati huohuo usimnyime maji hata kidogo. Mtoe nje mara ya mwisho kabla tu ya wewe kulala, na tena mara moja katikati ya usiku.

Kidonge nacho usikikatishe ghafla. Dawa hii inapotumika kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hulegea katika kutengeneza homoni yake ya asili, na mbwa anaweza kuzidiwa: kutapika, kulegea, hata kuzimia. Daktari ndiye hupunguza dozi hatua kwa hatua. Muulize pia swali hili: ngozi ilikwanguliwa ikatazamwa kwa hadubini? Steroidi hutuliza muwasho tu, haiui wadudu wa upele. Kama ni demodeksi, wanaojificha kwenye vinyweleo, steroidi huwapa nafasi ya kuzaana kwa sababu inadhoofisha kinga. Na kama ni upele ule unaoambukiza, hata nyinyi mnaweza kuwashwa mikononi na tumboni. Dawa za kisasa za kuua wadudu hao zipo, lakini mbwa aliyewahi kupata degedege ni lazima daktari aambiwe kabla ya kuandika.

Sasa bakuli. Kuanzia leo ale chumba kilichofungwa mlango, na mtoto asifike hapo mpaka bakuli liondolewe. Hilo peke yake humaliza hatari kubwa. Mafunzo ni ya mtu mzima, na huanzia umbali ambao mbwa anaendelea kula bila kuganda, bila kuharakisha kumeza na bila kukukodolea weupe wa jicho. Tuseme ni mita 3. Pita hapo, mrushie kipande cha nyama kitamu kuliko kilichomo bakulini, endelea na safari yako. Mara 5 au 6 kwa mlo zinatosha. Akianza kuinua kichwa kwa furaha anapokuona unakuja, na amefanya hivyo milo kadhaa mfululizo, sogea nusu hatua. Akiganda, umewahi mno, rudi nyuma.

Watu wengi huharibu kazi hapa kwa kutia mkono bakulini "ili azoee". Anachozoea ni kwamba mkono huja kunyang'anya, jambo alilokuwa analishuku tangu mwanzo. Kumchapa kwa kunguruma ni kosa baya zaidi. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukimfundisha mbwa kuficha wingu, utanyeshewa bila kujua. Atauma kimya.

SWALI: Wetu ni mpole siku nzima, ila ukigusa kichwa au kumvalisha ukanda wa shingoni anageuka na kuuma. Je, alipigwa zamani?

JIBU: Huenda, lakini jambo hilo halipimiki, na sikio linapimika. Linuse. Harufu kali, uchafu wa kahawia, kutikisa kichwa au kukiinamisha upande mmoja ni dalili za sikio lililooza kwa bakteria au fangasi. Usiingize kijiti cha pamba, na usimwage dawa yoyote kabla daktari hajahakikisha ngoma ya sikio haijatoboka, kwani baadhi ya dawa zikipita hapo huharibu usikivu. Meno na shingo zikaguliwe safari hiyohiyo. Paracetamoli au ibuprofeni ya kwenye kabati lenu asipewe.

Kabla ya safari, mzoeze kikapu cha mdomoni, kile chenye matundu ambacho mbwa anaweza kuhemea ulimi nje na kunywa maji. Paka chakula laini ndani, mwache aingize pua mwenyewe. Ukitumia siagi ya karanga, soma kibandiko kwanza, maana zailitoli, aina ya kiongeza utamu, ni sumu kwake. Siku 4 au 5 za hivyo, ndipo ufunge mkanda kwa sekunde chache. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo hakifai kwa zaidi ya dakika chache: mbwa hujipoza kwa kuhema.

Akishamuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hasa kama chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijulikani.

SWALI: Tukitoka anatafuna mlango. Tumwongezee mwenzake?

JIBU: Mara nyingi hamtaki mbwa mwenziwe, anamtaka mtu, mtaishia kuwa na wawili wanaolia. Acha simu ikirekodi mtakapotoka. Akianza kulia na kukwangua dakika za mwanzo, hiyo ni hofu ya kuachwa. Akilala kwanza, kisha aamke kutafuta cha kutafuna, amechoshwa na upweke tu, na matembezi marefu zaidi pamoja na kitu halali cha kutafuna vinaweza kutosha.

Kwa mwenye hofu, tokeni kwa sekunde 5 na mrudi kabla hajaanza kulia. Kisha 10, kisha 7, kisha 20. Msiongeze muda kila mara, maana atajifunza kwamba kila safari ni mbaya kuliko iliyopita. Katika wiki hizo asiachwe peke yake kabisa nje ya mazoezi. Akiwa anajiumiza makucha au meno mlangoni, zungumzeni na daktari wa mifugo kuhusu dawa ya kutuliza hofu, itumike sambamba na mazoezi.