Duka moja la programu likikufungia, unakwenda wapi?

Kwa swali kama watengenezaji wa simu walazimishwe kuruhusu maduka mengine ya programu, jibu langu ni ndiyo, walazimishwe. Wengi hulalamikia kamisheni, ile asilimia 30 ya mauzo inayokatwa na duka, ambayo kwa wasanidi (watengenezaji wa programu) wadogo ilishuka hadi 15. Mimi kamisheni naivumilia. Nisichokivumilia ni kuhukumiwa na mtu mmoja ambaye ndiye mwenye soko, ndiye mkaguzi, na rufaa yenyewe naipeleka kwake.

Nilitengeneza programu ndogo ya kumkumbusha mgonjwa saa za dawa. Siku moja duka likaiondoa. Barua pepe ilitaja kifungu cha masharti, haikusema kosa liko wapi. Nikakata rufaa, nikajibiwa kwa maneno yaleyale. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshasahihisha hitilafu iliyochelewesha kengele, lakini sikuwa na njia ya kuwafikishia watumiaji toleo hilo. Waliniandikia wakiuliza waipate wapi kwingine. Sikuwa na pa kuwaelekeza.

Hoja ya usalama siipuuzi. Nimewahi kukaa usiku kucha nikisafisha simu ya shangazi yangu aliyesakinisha kitu kutoka kwenye kiungo alichotumiwa kwa ujumbe. Ila kiungo cha tapeli si duka. Duka la F-Droid lipo tangu 2010, linahudumia simu za Android kwa programu ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi, yeyote anaweza kuukagua. Na kinachoilinda simu kwa sehemu kubwa ni mfumo endeshi wenyewe: kila programu hufungiwa kwenye eneo lake, haigusi kamera wala orodha ya majina mpaka uipe ruhusa. Ulinzi huo haubagui programu imetoka duka gani.

Lakini sheria ikisema tu "ruhusuni", haitoshi. Angalia Umoja wa Ulaya. Kwa Sheria ya Masoko ya Kidijitali, Apple ilifungua iPhone kwa maduka mengine Machi 2024, kwa nchi wanachama tu. Papo hapo ikaja na masharti mapya: msanidi anayetaka njia hiyo alipe nusu yuro kwa kila usakinishaji wa kwanza wa mwaka baada ya kuvuka milioni 1, na programu yake bado ipite kwanza kwenye ukaguzi wa Apple. Hapo mlango umefunguliwa, ila mwenye nyumba kaketi kizingitini. Sheria ikate na hilo: mtengenezaji akague virusi, basi. Asitoze ada kwa bidhaa ambayo haikupita dukani kwake, na akikataa programu aseme kosa kwa maandishi, likasikilizwe na mtu mwingine.

Programu yangu ilirudishwa wiki ya sita. Toleo lililorudishwa lilikuwa lilelile walilokuwa wameliondoa, halikubadilishwa hata mstari mmoja, na sababu ya kuondolewa sijaambiwa mpaka leo.